Jinsi ya kujua kama lainbeka rukii atakaa kwenye difensi ya timu yako

Kila drafti ya NFL (pale timu za ligi ya futiboli ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya kutoka vyuoni) ikipita mwezi wa nne meseji zinaanza kuingia, oya timu yetu imechukua lainbeka raundi ya kwanza, vipi ni mkali? Na mi siku zote narudisha swali, wanataka kumpa kazi gani? Sikwepi kujibu, ni kwamba kwenye hii nafasi mtu anaweza kuwa na kipaji cha kutisha na bado asikae popote, na mwingine wa raundi ya tatu ambaye hata jina lake hukuwahi kulisikia akaingia mle ikawa chanda na pete. Kwahiyo naandika yote hapa mara moja, jinsi mimi ninavyomchunguza rukii, yani mchezaji wa mwaka wa kwanza, kuanzia siku anachaguliwa mpaka msimu unafika katikati, ili na wewe ufanye mwenyewe, unachohitaji ni laptop au hata simu, bando la kutosha na kidaftari.

Kama ndo unaanza kufuatilia huu mchezo, lainbeka mfikirie kama namba sita kwenye soka, kiungo mkabaji. Mbele yake kuna yale majitu ya mstari wa mbele, nyuma yake kuna mabeki, yani makona na masefti, yeye yuko katikati anasoma mpira unaenda wapi. Mpinzani akikimbia na mpira inabidi azibe gepu lake (upenyo wake kwenye mstari wa mbele), mpinzani akirusha inabidi arudi nyuma akabe, na muda wa kuamua ni kipi kati ya hivyo viwili ni mdogo kuliko kupepesa macho mara mbili. Makocha wana majina yao, Mike ni wa kati, Will anakaa upande dhaifu ambao kwa kawaida hauna taiti endi (mpokeaji anayesimama mwishoni mwa mstari wa mbele wa ofensi), Sam anakaa upande wenye nguvu. Hayo majina matatu yashike maana nitayarudia sana.

Sasa hatua ya kwanza, na hapa ndo wengi wanapotea, usianze na video za mchezaji. Anza na timu. Zile video za dakika tano zenye muziki zinakuonyesha anavyogonga watu, hazikuonyeshi plei arobaini, yani vipande vya mchezo, ambazo alisimama sehemu ambayo hakutakiwa kusimama. Fungua mechi mbili tatu za difensi hiyo za msimu uliopita uhesabu kitu kimoja tu, kila plei kuna lainbeka wangapi uwanjani. Kwenye karatasi wataandika 4-3 au 3-4 (wa mstari wa mbele kwanza, halafu lainbeka) ila siku hizi timu nyingi muda mwingi wa mechi zinacheza nikeli, yani beki wa tano anaingia na lainbeka mmoja anapumzika, wanabaki wawili. Maana yake ni kwamba Sam kwenye timu nyingi anacheza kidogo sana. Kama timu yako ina Mike mkongwe mwenye mkataba mnono na Will anayecheza vizuri, basi huyo rukii hata awe simba, mwaka wa kwanza kuna uwezekano mkubwa ukamuona kwenye kikosi cha mikwaju (kile kinachoingia mpira ukipigwa kwa mguu) kuliko kwenye difensi yenyewe, na hiyo haimaanishi kachemsha.

Halafu angalia nani atasimama mbele yake. Hili jambo linasahaulika na mi naliona ni nusu ya hesabu nzima. Baltimore Ravens ya mwaka 2000 iliruhusu pointi 165 kwenye mechi 16, rekodi ya ligi tangu msimu uwe na mechi 16, na kila mtu anamkumbuka lainbeka Ray Lewis pale katikati, na anastahili kabisa, lakini mbele yake walikuwa Tony Siragusa na Sam Adams, mizigo miwili ambayo ilikuwa inakula mabloku ya watu watatu wanne, Lewis anafika kwa mwenye mpira bila kuguswa na mtu. Sasa chukua rukii mwepesi wa kilo 102 au 103 mweke nyuma ya mstari wa mbele ambao kazi yake ni kupenya tu kumfuata kwotabeki (mrushaji wa mpira), magadi wa mpinzani (majitu ya mstari wa mbele wa ofensi) watapanda mpaka kifuani kwake kila plei. Utaanza kusema ni laini, kumbe kaachwa uchi. Kwahiyo jiulize, hii timu mstari wake wa mbele unakula mabloku au unapenya? Kama unapenya, wanahitaji lainbeka anayejua kujinasua kwenye bloku kwa mikono. Kama unakula, hata mdogo mwenye mbio atang'aa.

Ukishaijua timu ndo unamgeukia dogo. Tafuta mechi nzima, na kama unaweza kuipata ile kamera ya juu inayoonyesha wachezaji wote 22 itafute, maana kamera ya TV inafuata mpira na lainbeka kazi yake kubwa anaifanya kabla mpira haujamfikia. Angalia mechi tatu, moja dhidi ya timu kali, moja ambayo timu yake ilipigwa, moja ya mwisho wa msimu akiwa amechoka.

Na hivi ndo ninavyoangalia plei moja. Nasimamisha kabla ya snepu, pale mpira unapoanzishwa. Namtafuta dogo, nahesabu yuko yadi ngapi kutoka kwenye mstari, mara nyingi ni nne au tano. Halafu naachia polepole na siangalii mpira kabisa, naangalia miguu yake. Tuseme gadi wa kushoto wa mpinzani anachomoka anakimbia kulia nyuma ya wenzake, na raningibeki, yani mkimbiaji wa mpira, kwanza anapiga hatua moja kushoto kama anaelekea huko. Hiyo inaitwa kaunta, ni chenga ya zamani sana na bado inaua watu kila Jumapili. Lainbeka anayesoma anamuona yule gadi na mguu wake wa kwanza unaenda kulia kwa gadi, hata hajali raningibeki anaigiza nini. Asiyesoma anahama kushoto, anashtuka, anageuka, na akifika gepu lake kuna gadi wa kilo 140 amesimama mlangoni anamsubiri. Mguu wa kwanza. Kwenye daftari naandika alama tatu tu, kasoma, kachelewa, kadanganyika. Nikishafanya plei ishirini au thelathini za kukimbia napata picha ya huyo mtu kuliko takwimu zozote.

Maana takwimu za kuangusha watu zinadanganya sana jamani. Lainbeka akimwangusha mtu kwenye mstari ni moja, akimwangusha yadi nane nyuma ya mstari wake baada ya kuvutwa na kukimbizwa ni moja vilevile, kwenye karatasi zinalingana. Kwahiyo mi nikihesabu naandika na wapi, yadi mbili, yadi saba, hivyo hivyo. Mtu mwenye angusha kumi kwenye mechi na saba kati ya hizo ni baada ya yadi sita, huyo hakutawala mechi, yeye ndo alikuwa anapigwa.

Kuna kitu kingine ambacho usipokijua utamhukumu dogo vibaya. Mchezo wa chuo na mchezo wa NFL unafanana ila uwanja na sheria vinatofautiana kidogo na hizo tofauti zote zinamgonga lainbeka. Ile mistari midogo ya katikati ya uwanja ambayo mpira unawekwa, chuoni imeachana futi 40, NFL imeachana futi 18 na inchi 6. Maana yake chuoni mpira ukiwa pembeni kuna upande mmoja mpana kama shamba, na lainbeka wengi wanatumika huko pembeni kama walinzi wa eneo pana, nusu beki nusu lainbeka. Akija NFL hilo shamba halipo, anaingizwa katikati kwenye msongamano ambao hajauzoea. Na sheria ya pili, wale wa mstari wa mbele wa ofensi chuoni wanaruhusiwa kwenda mpaka yadi 3 mbele wakati pasi inarushwa, NFL ni yadi 1. Ndo maana chuoni zile plei ambazo kwotabeki anaamua palepale atoe mpira kwa mkimbiaji au arushe zinawachanganya lainbeka sana, anaona majitu yanamjia kama ni kukimbia halafu mpira unapita juu ya kichwa chake. Dogo anajifunza kusitasita. Ukimuona anasita usimkate haraka, tenga plei za aina hiyo, muangalie kwenye zile za kawaida, kama huko anakwenda bila kusita basi tatizo lilikuwa mfumo, sio macho yake.

Haya, tuje kwenye kukaba, ambako ndo mishahara ya lainbeka siku hizi inapatikana. Kwanza ile danganya toto, kwotabeki anajifanya anampa mkimbiaji mpira halafu anarusha. Kila lainbeka duniani anasogea mbele kidogo, hilo halina aibu. Angalia anarudi vipi. Mzuri anageuza nyonga, anakimbia kweli kweli na anatafuta kwa macho nani anapita nyuma yake, maana anajua pasi inayokuja ni ile ya mgongoni kwake. Wa kawaida anarudi kinyumenyume akimkodolea macho kwotabeki, na pasi inapita pembeni yake yeye ameshangaa. Halafu linganisha na timu iliyomchukua. Kama wanakaba eneo, wanahitaji mtu wa kusoma macho ya kwotabeki na kujua nani yuko nyuma yake bila kuangalia. Kama wanakaba mtu kwa mtu, atapewa raningibeki au taiti endi amfuate popote, hapo nyonga na mbio ndo mpango mzima. Na kama timu inatumia ule mtindo wa Tampa ambao Mike anakimbia mpaka katikati ya uwanja nyuma kabisa kuziba nafasi kati ya masefti wawili, aliofanya Brian Urlacher kule Chicago miaka na miaka, basi Mike mzito hafai hata awe na akili kiasi gani.

Nikupe mifano miwili ambayo mi naiweka pamoja kila nikimfundisha mtu.

Wa kwanza Isaiah Simmons. Chuoni Clemson alikuwa anacheza kila mahali, sefti, lainbeka, pembeni kuwakaba wapokeaji wa ndani (slot), mara anaenda kumvamia kwotabeki, mwaka 2019 akabeba tuzo ya Butkus ambayo ni ya lainbeka bora wa vyuo. Kilo 108 na alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.39, mbio za kona zile. Arizona Cardinals wakamchukua namba 8 mwaka 2020 na wakasema atacheza lainbeka wa ndani. Mwaka huo mechi za maandalizi zilifutwa zote kwa sababu ya korona kwahiyo hakuna aliyepata muda wa kumzoesha. Mechi ya kwanza kabisa, dhidi ya San Francisco, raningibeki Raheem Mostert akatoka na pasi, Simmons ndo alikuwa naye, akaachwa, yadi 76 mpaka mwisho wa uwanja. Mbio alikuwa nazo, zaidi hata ya watu wengi pale, lakini kile alichokuwa anafanya chuoni ni kusimama nje mahali anapoona uwanja wote mbele yake, na hapa wamemuweka ndani kwenye kichaka. Mwaka huohuo mwezi wa kumi akamnyang'anya kwotabeki wa Seattle, Russell Wilson, pasi kwenye muda wa nyongeza na timu ikashinda, yani kipaji kilikuwepo, kazi ndo haikueleweka. Kufika Agosti 2023 wakamuuza New York Giants kwa chaguo la raundi ya saba. Namba 8 kwa raundi ya saba. Mi hii iliniuma maana niliamini angekuwa wa kipekee, na bado naamini angepewa kazi moja tangu siku ya kwanza tungekuwa tunaongea mengine.

Wa pili Fred Warner. Chuoni BYU alikuwa anacheza nje nje vilevile, raundi ya tatu, namba 70, mwaka 2018, hamna aliyepiga kelele. San Francisco wakamuweka Mike. Tofauti ni kwamba ile difensi ya kocha Robert Saleh ilikuwa na mambo machache yanayorudiwa sana, eneo moja kila mtu na kipande chake, na kipande cha Mike kilihitaji vitu ambavyo Warner alishavifanya chuoni, kukaba pembeni, kugeuka na kufuata watu kwenye nafasi. Walimhamisha sehemu ya kusimama ila kazi ya macho na miguu ikabaki ileile. Mwaka wa kwanza alianza mechi zote 16, angusha 124, na yeye ndo alikuwa anapokea maagizo ya benchi kwa redio. Kwahiyo ukiambiwa dogo anahamishwa nafasi usiogope hapohapo, uliza kazi yenyewe imebadilika au ni mahali pa kusimama tu.

Na wakati mwingine kazi inajitafutia mtu. Dallas walimchukua Micah Parsons namba 12 mwaka 2021 acheze lainbeka wa kawaida, wiki ya pili DeMarcus Lawrence akavunjika mguu, wakakosa mtu wa kumvamia kwotabeki kutoka pembeni, wakampeleka Parsons. Akamaliza mwaka na saki 13 (kumwangusha kwotabeki kabla hajarusha) na tuzo ya rukii bora wa difensi. Kocha wa difensi Dan Quinn aliona kinachofanya kazi akakiacha kifanye kazi, na sio kila kocha ana huo moyo. Ndo maana mi namchunguza na kocha, akipewa mchezaji wa ajabu huwa anabadilisha mfumo au anambadilisha mchezaji?

Kwa sisi wa huku kuna Daniel Adongo lazima nimtaje. Mkenya, mtu wa raga, hakuwahi kucheza huu mchezo hata siku moja, Indianapolis Colts wakamsajili 2013 kama lainbeka wa nje, na Desemba mwaka huohuo akaingia uwanjani dhidi ya Cincinnati, Mkenya wa kwanza kucheza mechi ya NFL. Muda wake mwingi ulikuwa kwenye kikosi cha mikwaju. Na ukiangalia kwa jicho hili tunaloongelea inaeleweka kabisa, kwenye mikwaju unakimbia uwanja mzima unamtafuta mwenye mpira unamwangusha, hiyo raga inakufundisha. Kusoma gadi anachomoka wapi ndani ya nusu sekunde hiyo inataka miaka, na wenzake walianza wakiwa watoto. Colts walimpa kazi iliyolingana na alichonacho. Nafurahi kila nikikumbuka ile mechi.

Mwezi wa nane zikianza mechi za maandalizi, timu nyingi zinacheza tatu, usiangalie matokeo. Angalia dogo anaingia na nani, akiwa na kikosi cha kwanza robo ya kwanza ni habari nyingine kabisa na akiingia robo ya nne na watu watakaokatwa wiki ijayo. Angalia nyuma ya helmeti, kuna kidoti cha kijani, mwenye nacho ndo ana redio ya kusikia kocha, difensi inaruhusiwa mmoja tu uwanjani tangu 2008, na redio inakatwa saa ya plei ikibaki sekunde 15. Baada ya hapo ni yeye na akili yake, anapanga wenzake, anahamisha watu, anapiga kelele. Rukii akipewa kidoti mwezi wa nane ujue makocha wanamwamini kuliko magazeti yanavyoandika. Vyuo vikubwa vilianza kuruhusu hiyo redio 2024, kwahiyo madogo wa sasa wengine wanakuja wameshaizoea, zamani walikuwa wanasoma mabango na ishara za mikono kutoka pembeni.

Na asipopewa, subiri. Patrick Queen Baltimore walimchukua namba 28 mwaka 2020, akawekwa katikati akasumbuka, anapishana na watu, anakosa kuwaangusha, mashabiki wakamchoka. Baadaye akasogezwa Will, na lainbeka Roquan Smith alipoletwa kutoka Chicago katikati ya msimu wa 2022 akachukua kazi yote ya kuongea na kupanga, Queen akabaki na kukimbia na kugonga, 2023 akachaguliwa Pro Bowl, kikosi cha nyota wa ligi. Aliyebadilika sana pale ni jirani yake. Kwahiyo kwenye daftari lako acha mstari mmoja wa kuandika anacheza pembeni ya nani, na huyo jirani ni muongeaji au na yeye anasubiri kuambiwa.

Msimu ukianza mechi za kwanza za Jumapili huku ni saa mbili usiku, Novemba wakirudisha saa zao nyuma zinakuwa saa tatu, kwahiyo huna sababu ya kusubiri asubuhi. Chagua dauni ya tatu tu (jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi kumi) kama huna muda. Dauni ya tatu na zimebaki yadi saba au zaidi, dogo yupo uwanjani au ametolewa? Kama yupo, wamempa nani akabe? Na kuanzia wiki ya sita ya saba hivi angalia wapinzani, maana makocha wa ofensi hawana huruma, wakigundua hawezi kukaba watampelekea raningibeki wao bora kila wakati, wanamhamisha kabla ya snepu mpaka akutane naye yeye. Usipoona wanamtafuta, na yeye bado yupo pale dauni ya tatu, rudi kwenye daftari lako la mwezi wa nne ufute kile kialama cha kuuliza ulichoweka mbele ya jina lake.